Wa Nne Kutoka Kulia

Simu ilinikuta nikiwa juu ya kibanda cha lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba ya jengo moja la halmashauri huko Tottenham. Nilikuwa natafuta hitilafu kwenye swichi ya mlango. Kocha wa shule alizungumza polepole, kama mtu aliyefundishwa namna ya kuzungumza na wazazi: binti yetu amegongwa kichwa kwenye mechi ya raga, anaongea, anajua yuko wapi, na gari la wagonjwa limeitwa kwa tahadhari tu. Nilijibu "sawa" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha nikashuka na kuondoka, nikaacha sanduku la vifaa vyangu wazi kule juu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Umeme nilikuwa nimeuzima na kuufunga. Hilo nililihakikisha.

Binti alipona. Nalisema mapema kwa sababu habari hii si ya jeraha lake, ni ya wiki zilizofuata, ambazo yeye alizitumia kupumzika na mimi nikazitumia kuhangaika.

Daktari aliuita mtikisiko wa ubongo, tena mdogo. Mke wangu ni muuguzi katika wadi ya wagonjwa wa kiharusi, na nyumbani kwetu ndiye mwenye kauli kuhusu kila kitu kilicho juu ya shingo. Alifuata utaratibu kama ulivyo: kwanza chumba chenye giza, bila simu, halafu matembezi, halafu kukimbia kidogo, halafu daktari tena. Daktari aliridhika. Mke wangu akaridhika. Binti, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa ameridhika tangu kwenye gari la wagonjwa, na alishaanza kulala na mpira kitandani.

Ndipo kocha akatuarifu kwamba binti ameitwa kwenye majaribio ya timu ya kaunti. Kwa sababu ya lile jeraha, hatamrudisha kwenye mchezo wa kuangushana bila ridhaa ya wazazi wote wawili, daktari aseme atakavyosema. Majaribio yalikuwa Jumapili, wiki tatu mbele. Jibu alilitaka kabla ya Ijumaa jioni ya wiki hiyo.

"Langu nishatoa," mke wangu alisema. "Limebaki lako, babake."

"Nipe muda nisome."

"Usome nini? Daktari keshasoma."

Nilisema nitasoma tu. Shule niliiacha Unguja kabla sijamaliza, na kila ninachokijua kuhusu umeme, sheria za nyumba na hata historia ya mji huu nimejifundisha kwa njia moja: naanzia mwanzo wa jambo, nasonga mbele, siruki. Lifti ikikwama siendi moja kwa moja kwenye mota. Naanzia pale umeme unapoingilia jengoni, nafuata waya, napima kila kituo mpaka nifike palipoharibika. Mafundi wengine hubahatisha, na mara nyingine hunitangulia kumaliza. Mimi siwezi. Kwa hiyo nilipotaka kujua kama raga itamdhuru mwanangu, niliamua kuanzia kwenye raga ya mwanzo. Na mtu wa raga ya mwanzo alikuwa amezikwa njiani mwangu.

Kutoka kwetu kwenda kituo cha basi kuna njia ya mkato inayopita kwenye makaburi ya zamani. Karibu na ukuta lipo jiwe lililoinama kidogo, limeota ukungu upande usiopata jua. Nilikuwa nimelipita kwa miaka mingi bila kulisoma. Lakini baada ya ile simu sikuweza kukaa ndani. Nikirudi kazini navua viatu, naketi, nasimama, navaa viatu tena, natoka. Katika kuzunguka huko ndipo siku moja nikasimama mbele ya lile jiwe na kuona kwamba aliyelala pale aliichezea nchi yake mpira wa raga, katika zile mechi za mwanzo kabisa baina ya nchi na nchi.

Jina lake nilikuwa nalo, lakini nyumbani nilianza kumwita Jirani.

Kwenye maktaba kuna chumba cha kumbukumbu, na mwanamke anayekitunza ana subira kubwa na watu wanaokuja na swali moja kisha wakabaki mchana kutwa. Alinionyesha namna ya kutafuta kwenye magazeti ya zamani, yale yaliyopigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta. Nilikwenda kila nilipopata nafasi. Sikuweza kutulia hata pale. Nilikuwa nasoma ukurasa, nasimama, natembea mpaka dirishani, narudi. Lakini kidogo kidogo maisha yake yalijitokeza.

Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka. Alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, na huko ndiko alikojifunza mchezo ambao kila shule ilikuwa na kanuni zake. Shule nyingine ziliruhusu kupigana mateke ya miundi, na aliyelalamika alionekana si mwanamume. Alipomaliza akaingia ofisini kwa baba yake karibu na mto, na Jumamosi akawa anachezea klabu moja kusini mwa jiji. Zama hizo kila upande ulikuwa na wachezaji ishirini, na kazi ya wengi wao ilikuwa kusukumana tu, wamesimama, wameinamisha vichwa, mpira uko miguuni mwao na hakuna auonaye. Kuufikisha nyuma ya mstari wa wapinzani hakukuwa na pointi yoyote peke yake. Kulikupa ruhusa ya kujaribu kuupiga juu ya mwamba wa goli, basi. Kanuni hiyo niliisoma tena na tena. Mtu anavunjwa mbavu ili apate ruhusa ya kujaribu.

Aliichezea Uingereza mara tatu. Katika mechi ya pili, kwa maelezo ya gazeti, aligongwa kichwa mapema, akafungwa kitambaa, akarudi uwanjani na kucheza mpaka mwisho, na watu wakampigia makofi. Baada ya mechi ya tatu jina lake halionekani tena kwenye habari za michezo. Alioa, akapata watoto, biashara ya baba ikaja kushikwa na ndugu yake. Kisha, akiwa bado hajawa mzee, kuna taarifa fupi kwamba afya yake imevunjika na amehamia pwani kwa mapumziko. Huko ndiko alikofia, na mwili ukarudishwa kuzikwa hapa.

Afya imevunjika. Gazeti halikusema zaidi ya hapo. Mimi nilisema zaidi. Kitambaa cha kichwani kwenye mechi ya pili, afya iliyovunjika miaka mingi baadaye: nilivuta waya kutoka hapa mpaka pale nikaona taa inawaka.

Halafu nikapata picha. Yule mwanamke wa kumbukumbu aliikuta kwenye kitabu cha klabu ya zamani, akanitolea nakala. Wanaume ishirini, mstari mmoja wamesimama, mwingine wamekaa kwenye viti, wote wamevaa suruali ndefu nyeupe na fulana nyeupe, na ndevu zinazowafanya vijana wa miaka ishirini waonekane wajomba. Chini, kwa mwandiko wa kalamu ya wino, majina yao. Jirani alikuwa wa nne katika mstari wa waliokaa. Nikahesabu: wa nne alikuwa na kitambaa cheupe kichwani.

Alikuwa mtu mkubwa, ndevu zimejaa mpaka kifuani, mikono imelala mapajani kama vitu visivyo vyake. Macho yake ndiyo yaliyonishika. Wengine walikuwa wanaitazama kamera kwa kiburi cha ujana. Yeye alikuwa anatazama kama mtu anayesikiliza kelele iliyomo ndani ya kichwa chake mwenyewe. Niliipiga picha ile kwa simu, nikaukuza uso wake, na tangu hapo nikawa natembea naye mfukoni. Nikiwa kwenye basi namtazama. Nikiwa nasubiri vipuri chini ya jengo namtazama. Usoni mwake nilikuwa naona mambo yote ambayo gazeti halikuyaandika.

Jumapili mimi huenda mtaa wa Edgware Road kunywa kahawa na wenzangu wawili: mmoja dereva wa teksi, mmoja mpishi mstaafu, wote watu wa kwetu. Tunakaa mkahawa mmoja ambao mhudumu wake ni mtu wa Muscat, na anamimina kahawa kuanzia kulia kama inavyostahiki, hata kama aliye kushoto ndiye mwenye kiu. Jumapili hiyo, iliyotangulia ile ya majaribio, niliitandaza nakala ya picha mezani.

"Maiti gani hawa, yakhe?" dereva akauliza.

"Mmoja wao ni jirani yangu."

"Jirani! Mtu kafa zama za masultani, huyu anamwita jirani. Mkeo anajua kwamba unatembelea makaburini?"

"Mke wake ndiye aliyemfukuza ndani," mpishi alisema. "Mtu haketi. Mtazame, hata hapa anatikisa mguu."

Niliuzuia mguu wangu. Mpishi akavaa miwani. "Yuko wapi katika hawa? Wote ndevu tupu."

"Majina haya hapa chini," nikasema. "Waliokaa, wa nne."

Dereva akaweka kidole kwenye picha. "Moja, mbili, tatu, nne. Huyu mwenye kilemba?"

"Si kilemba. Aligongwa kichwa."

"Kimemkaa. Angevaa na kanzu angekuwa kadhi wetu."

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Nikawaeleza yote: shule ya bweni, mechi tatu, kitambaa, afya iliyovunjika, na jibu linalongojwa na kocha. Mpishi aliinamia picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Macho yake yamechoka," alisema mwishowe. "Huyu mtu hakuwa mzima."

Maneno hayo yaliniingia kama sahihi ya shahidi. Dereva yeye alikunywa kahawa yake yote, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaniuliza, "Binti mwenyewe anasemaje?"

"Anataka kucheza."

"Anapambana na Waingereza kwa mikono yake, mashallah. Babu zetu hawakuthubutu. Na wewe wasemaje?"

"Mimi bado nasoma."

"Unasoma! Wallahi ukimaliza kusoma, huyo binti keshakuwa bibi, wajukuu ndio wanaocheza."

Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Ningeweza kupanda treni, lakini kwenye treni mtu anatakiwa kukaa au kusimama mahali pamoja.

Wiki ile kazini sikuwa fundi mzuri. Lifti ina breki ambayo hushika pale umeme unapokatika. Ikipata shaka yoyote inasimama, na ikisimama haimwangushi mtu. Nimewaeleza wapangaji jambo hilo maisha yangu yote, na sikuzote nimelieleza kwa fahari. Jumatano mama mmoja wa ghorofa ya juu, mwenye magoti mabovu, alinikuta nimeizima lifti kwa sababu ya mlio nisiouelewa. Akasema, bila hasira, kwamba mimi kila nikiwa na shaka yeye ndiye anayepanda ngazi. Nilimwomba radhi. Sikuiwasha mpaka nilipoupata ule mlio, na yeye alikuwa ameshafika juu.

Alhamisi jioni nikawa tayari. Baada ya kula wali na samaki, mke wangu akiwa bado na nguo za kazini, niliondoa sahani, nikapangusa meza na kuzipanga karatasi zangu kwa mfuatano. Binti alikaa upande wa pili. Huyu mtoto anaelewa Kiswahili chote, lakini hutujibu kwa Kiingereza; Kiswahili chake hukiweka kwa ajili ya kututania.

"Shikamoo, Mheshimiwa Jaji," alisema kwa Kiswahili.

"Marahaba. Sikiliza kwanza."

Nikaeleza. Nadhani nilieleza vizuri. Nilianzia kwenye shule ya bweni na sikuruka kitu. Nilipofika kwenye afya iliyovunjika, mke wangu aliinua kichwa.

"Ilivunjika nini?"

"Haikuandikwa."

"Yaweza kuwa kifua. Zama zile wenye kifua ndio waliopelekwa pwani. Yaweza kuwa sukari, yaweza kuwa pombe. Wewe ulimpima?"

"Aligongwa kichwa."

"Kila siku napokea watu ambao hawajagongwa na chochote."

Nikaona nisibishane na muuguzi kwa maneno. Nikaitoa picha, nikaisukuma katikati ya meza. "Mtazameni machoni," nikasema. "Halafu mniambie."

Binti aliivuta kwake. Alitazama majina, akatazama nyuso, akatazama majina tena. Akauliza kwa Kiingereza ni yupi.

"Waliokaa, wa nne." Nikamwonyesha. "Moja, mbili, tatu, nne."

Alikunja uso. Akauliza kwa nini naanzia upande ule.

"Ndipo pa kuanzia."

Nani kasema, akauliza. Kisha akaweka kidole chake mwanzo wa majina, kushoto, na kidole cha mkono mwingine kwenye kiti cha mwanzo, kushoto, akavisogeza vyote viwili pamoja, jina na kiti, jina na kiti, mpaka kwenye jina la Jirani. Kidole cha juu hakikuwa kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa upande wa pili wa picha kabisa.

Nilisimama. Nikakaa. Nikamwangalia mke wangu, naye alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Mimi pia ningeanzia kulia," alisema, na hapo kicheko kikamtoka.

Binti hakuelewa tunachekea nini, au tuseme mama yake anachekea nini, kwa sababu mimi sikuwa nacheka. Nikajaribu kumweleza. Mtu akiingia mahali palipokaa watu, huwapa mkono kuanzia kulia kwake. Kahawa inaanzia kulia, na sahani ya tende, na maji ya kunawa. Kiingereza nakisoma kutoka kushoto kila siku, na michoro ya umeme vilevile, wala sijawahi kukosea. Lakini wale hawakuwa maandishi. Walikuwa watu waliokaa kwenye viti. Sikuwahesabu. Niliwaamkia.

"Na rafiki zako wa kahawa?" mke wangu akauliza. "Nao waliona?"

"Waliona. Waliamkia vilevile."

Akaichukua picha, bado anajifuta machozi, akaisogeza karibu na taa. "Na huyu wako mwenye kitambaa hakugongwa kichwa. Tazama. Kinapita chini ya kidevu, kimefunikwa na ndevu, kimefungiwa utosini. Hivi ndivyo mtu anavyofungwa taya. Huyu ana jino."

Jino. Wiki nzima nimetembea na mtu anayeumwa jino mfukoni, nimemlilia ubongo wake. Yale macho yanayosikiliza kelele ya ndani yalikuwa yanasikiliza gego.

Nilimtafuta Jirani wa kweli. Alikuwa amekaa pale siku zote, wa nne kutoka kushoto, mwembamba, magoti pamoja, mpira umewekwa karibu na mguu wake. Uso hana. Ile picha ilipigwa zama ambazo kamera ilihitaji watu watulie, na wote kumi na tisa walitulia, hata mwenye jino. Yeye aligeuka, au alicheka, au aliitwa na mtu. Kilichobaki juu ya kola ni ukungu mweupe wenye kivuli mahali pa macho. Nilikuwa nimeshauona ule ukungu na kudhani ni doa la karatasi.

Binti aliukuza kwenye simu yake, ukazidi kuwa ukungu. Akasema kwa Kiingereza kwamba huyu alishindwa kutulia, na kwamba sasa anaona kwa nini nampenda.

Nilizikusanya karatasi zangu. Mambo yaliyomo yalikuwa bado kweli: mechi tatu, kichwa kilichogongwa, taarifa ile fupi ya gazeti. Lakini nilijua, kama ninavyojua nikigusa waya usio na umeme, kwamba si hayo yaliyokuwa yamenishika. Ni yale macho. Na macho yalikuwa ya mtu mwingine, na mtu mwenyewe hakuniachia chochote cha kusoma.

"Kwa hiyo?" mke wangu akauliza. "Kesho Ijumaa."

"Nipe mpaka kesho."

Hapo binti ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti. Alisema, na safari hii alichanganya lugha zote mbili kana kwamba moja haitoshi, kwamba mimi najua suruali walizovaa watu waliokufa, najua walivyopigana mateke, najua mwamba wa goli ulivyokuwa, na yeye ana misimu mitatu anacheza na sijawahi kuja kumtazama hata mechi moja mpaka mwisho. Nilikuja mara mbili. Mara zote mbili nilikwenda kusubiri kwenye gari.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejiambia kwamba ni baridi.

Nikamuuliza mazoezi ya kesho ni saa ngapi. Akasema baada ya shule. Nikasema nitakuja. Akainua mabega na kwenda chumbani kwake, na mama yake akanitazama kwa namna ya kunionya kwamba ahadi hiyo imeandikwa.

Ijumaa niliomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Uwanja uko nyuma ya shule, chini ya mteremko, na upepo unapita bila kizuizi. Wasichana walikuwa wameshaanza, wanakimbia na kupasiana mpira, na nilimtambua wa kwangu kwa kofia nyeusi ya kubana kichwa na suruali ndefu ndani ya kaptura. Mpaka hapo, kabla ya kuangushana, aliruhusiwa. Nilisimama kwenye mstari wa pembeni. Nikatembea mpaka kwenye kibendera cha kona, nikarudi. Mama mmoja Mwingereza aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, alinitazama nikipita, akanitazama nikirudi, akaniuliza kama nina mtoto uwanjani. Nikasema ninaye. Akasema wa kwake ni yule mwenye nywele nyekundu, na kwamba na yeye msimu wa kwanza alimaliza viatu kwa kutembea hivyohivyo.

Kocha alipuliza filimbi na kuwakusanya. Kisha akanijia. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye simu. Alisema sasa wanaingia kwenye kuangushana. Hakuniuliza kuhusu Jumapili. Aliniuliza kuhusu saa ileile: binti akae nje, au aingie?

Nilimtazama binti. Alikuwa amesimama na wenzake, kinga ya meno mkononi, na hakuwa ananiangalia. Alikuwa anakiangalia kiatu chake. Nimemjua tangu azaliwe na sikuwahi kumwona amekaza kutulia namna ile. Yeye ambaye kwenye kila picha ya familia ni mkono uliopita au nusu ya kisogo, alikuwa ametulia kama amefungiwa breki, kwa sababu mimi nilikuwa na shaka.

"Aingie," nikasema.

Kocha alitaka niseme wazi, na kuhusu Jumapili pia. Nikasema wazi. Akaniambia akigongwa tena atamtoa yeye mwenyewe bila kumuuliza mtu, na mimi nikamwambia hilo ndilo neno la kwanza lililonituliza tangu siku ile. Haikuwa kweli kabisa. Sikuwa nimetulia.

Waligawanyika pande mbili. Mpira ukatupwa, ukapita mikono miwili mitatu, ukafika kwake. Alikimbia akija upande wangu, karibu na mstari, na nikamwona yule mwenye nywele nyekundu akimkatia njia. Kwenye vitabu nilikuwa nimesoma namna mtu anavyoangushwa: bega kwenye paja, mikono inazunguka miguu, kichwa kinawekwa upande wa salama. Vitabu havisemi sauti yake. Ni sauti ya godoro linaloanguka sakafuni, na ilitokea hatua chache mbele yangu, na mwanangu akawa chini.

Watu walikuwa wananiita. Yule mama wa blanketi, na kocha, na nadhani binti mwingine mmoja. Niliangalia chini nikaona nimeshauvuka mstari, mkono wangu mmoja nimeunyoosha mbele kama mtu anayezuia mlango wa lifti usifunge.

Alikuwa ameshaachia mpira na kuinuka. Tope limempaka shavu lote, kinga ya meno imemjaza mdomo. Alinitazama mimi, akatazama mstari uliokuwa nyuma yangu, akaitoa ile kinga kwa vidole viwili.

"Bwana fundi," alisema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "hapa hakuna lifti. Toka uwanjani."

Nikarudi nyuma ya mstari. Yeye tayari alikuwa ameshageuka, anakimbia, na mimi nikaanza kutembea pembeni kumfuata, kuelekea kwenye kibendera.